Hekaya za Canterbury: Chaucer na mahujaji wake katika tafsiri ya Nevill Coghill

Kwa msomaji wa Kiswahili anayetaka kumjua mshairi wa Uingereza Geoffrey Chaucer kwa mara ya kwanza, toleo ninalolipendekeza ni lile la Penguin Classics, ambamo Nevill Coghill, msomi aliyefundisha fasihi katika Chuo Kikuu cha Oxford, alizitoa Hekaya za Canterbury, hadithi zinazosimuliwa na kundi la mahujaji safarini, katika Kiingereza cha karne ya 14 na kuzitia katika mashairi ya Kiingereza kinachosomeka leo. Tafsiri hiyo ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1951 na ingali inauzwa. Ni kitabu cha jalada laini chenye kurasa zipatazo 500, kina utangulizi wa mfasiri mwenyewe pamoja na maelezo mafupi mwishoni, na mtu yeyote anayelimudu gazeti la Kiingereza ataweza kukisoma. Kina kasoro, nami nitazieleza kinagaubaga mahali pake, lakini sijaona kitabu kingine kinachomfikisha msomaji mgeni kwa Chaucer upesi na kwa furaha kiasi hiki.

Jambo ambalo mnunuzi anapaswa kulijua tangu mwanzo ni kwamba anachokinunua si mkusanyo wa hadithi tu, ingawa mara nyingi ndivyo kitabu hiki kinavyotangazwa. Hadithi nyingi zilizomo Chaucer hakuzibuni. Alizipata kwa Waitalia na Wafaransa, katika vitabu vya Kilatini, na katika masimulizi yaliyokuwa yakipita kinywa hadi kinywa kote Ulaya. Alichokifanya yeye, na ambacho kwa maoni yangu ndicho kiini cha ukubwa wake, ni kuifunga kila hadithi kwa mtu mahususi mwenye kazi yake, hasira zake, tamaa zake na majeraha yake, hata msomaji anapoisikiliza hadithi huwa anamsikiliza pia msimulizi akijianika hadharani bila kukusudia. Anayezisoma hekaya hizi mojamoja, akayaruka mazungumzo na ugomvi uliomo katikati yake, atakuwa amelipia kitabu kizima na kusoma nusu.

Sikio lililoweza kunasa sauti nyingi namna hiyo lililelewa na maisha ya kazi. Chaucer alizaliwa London mwanzoni mwa miaka ya 1340, mtoto wa mfanyabiashara wa mvinyo aliyeitwa John Chaucer, na alikuwa bado mdogo wakati tauni kubwa ya mwaka 1348 na 1349 ilipoangamiza sehemu kubwa ya watu wa Uingereza. Mwaka 1357 jina lake linaonekana katika hesabu za nyumba ya Elizabeth, mke wa Lionel, mmoja wa wana wa Mfalme Edward wa Tatu, ambako kijana huyo alikuwa mtumishi. Miaka miwili baadaye alikwenda vitani Ufaransa, akatekwa karibu na Reims, na mwaka 1360 mfalme akachangia pauni 16 katika fedha za kumkomboa. Baada ya hapo alitumwa nje ya nchi mara kadhaa kwa shughuli za ufalme. Safari zilizokuwa na matunda makubwa zaidi kwa fasihi ni mbili za Italia, ya Genoa na Florence katika mwaka 1372 na 1373, na ya Lombardy mwaka 1378, kwa sababu ndizo zilizomkutanisha na kazi za waandishi wa Kiitalia Dante, Petrarch na Boccaccio wakati ambapo Waingereza waliozisoma walikuwa wachache mno.

Lakini mimi huona kwamba shule yake kubwa zaidi ilikuwa bandari ya London. Mwaka 1374 aliteuliwa kuwa mdhibiti wa ushuru wa sufu na ngozi, na sufu ndiyo iliyokuwa bidhaa kuu ya Uingereza katika biashara ya nje. Masharti ya kazi yalimtaka aziandike hesabu kwa mkono wake mwenyewe, na kwa takriban miaka 12 aliishi kati ya wafanyabiashara, mabaharia, makarani na wapagazi. Wakati huo alipewa nyumba ya kukaa juu ya lango la mji liitwalo Aldgate, lango lile lile ambalo wakulima waasi kutoka Essex walipitia kuingia London mwezi Juni 1381. Baadaye alikuwa mbunge wa Kent mwaka 1386, kisha msimamizi wa majengo ya mfalme kuanzia 1389 hadi 1391. Mashairi hayakuwa kazi iliyomlipa mshahara. Aliyaandika saa ambazo ofisi ilimwachia. Mtu anayefahamu hivyo hatashangaa kuona kwamba katika Hekaya za Canterbury mwenye kinu anazungumza kwa urefu na uhuru ule ule anaopewa askari wa tabaka la juu.

Kazi hii aliianza yapata mwaka 1387 na hakuimaliza kabla ya kifo chake mwaka 1400. Mpango wake ni mwepesi kueleweka. Mwezi wa Aprili, mahujaji wapatao 29 wanakutana katika nyumba ya wageni iitwayo Tabard, huko Southwark, upande wa kusini wa mto Thames, wakiwa njiani kwenda kuzuru kaburi la Thomas Becket, askofu mkuu aliyeuawa na askari wa mfalme ndani ya Kanisa Kuu la Canterbury tarehe 29 Desemba 1170 na kutangazwa mtakatifu mwaka 1173. Mwenye nyumba, Harry Bailly, ambaye jina lake linalingana na la mtu aliyekuwa kweli na nyumba ya wageni Southwark katika kumbukumbu za zama hizo, anapendekeza kwamba kila mmoja asimulie hadithi mbili wakati wa kwenda na mbili wakati wa kurudi, na atakayeshinda alishwe chakula cha jioni kwa gharama ya wenzake. Kwa hesabu hiyo kitabu kingekuwa na hadithi zaidi ya 100. Zilizopo ni 24, baadhi zimekatika njiani, na mahujaji wenyewe hawaonekani wakifika kaburini.

Msomaji aliyeikulia Alfu Lela Ulela ataitambua mara moja mbinu ya hadithi zilizomo ndani ya hadithi. Tofauti ni kwamba kule sauti inayotubeba ni ya Shahrazadi peke yake, anayesimulia ili aokoe shingo yake, hali huku wasimulizi ni wengi, wanasikilizana, wanachukizwa, wanakatana maneno na kujibizana kwa hadithi. Chaucer mwenyewe ni mmoja wa mahujaji. Zamu yake inapofika anaanza shairi la mapigano lenye vina vya kuchosha, hadi Harry Bailly anamnyamazisha na kumwambia kuwa mashairi yake hayafai kitu. Kwamba mshairi mkubwa kuliko wote wa nchi yake alijigawia nafasi ya msimulizi mbovu kuliko wote katika msafara ni jambo linaloonyesha jinsi alivyokuwa na hakika na kipaji chake.

Utangulizi Mkuu, wenye mistari 858, ndio sehemu inayofundishwa zaidi, na katika tafsiri ya Coghill unasomeka kwa wepesi wa kupendeza. Hapa mahujaji wanapangwa mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa mavazi, farasi na tabia zake. Mama Mkuu wa watawa anakula kwa adabu kubwa, asiachie hata tone limdondokee kifuani, na anawalisha mbwa wake nyama choma na mkate mweupe katika nchi yenye maskini wengi. Mmonaki anapenda kuwinda kuliko kukaa na vitabu. Mwanachuoni wa Oxford amekonda, na farasi wake amekonda, kwa kuwa angependa kuwa na vitabu 20 kitandani kuliko nguo za thamani. Mpishi ni hodari, ila ana kidonda kwenye muundi, na Chaucer anakitaja kidonda hicho kisha anataja uji mzito mweupe anaoupika, bila kuongeza neno; msomaji anaachwa ayaunganishe mwenyewe. Tabibu naye amewasoma al-Razi, Ibn Sina na Ibn Rushd, orodha inayotukumbusha kwamba elimu ya tiba ya Ulaya wakati huo ilisimama juu ya vitabu vya wanazuoni wa Kiislamu, na anaipenda sana dhahabu kwa sababu, tunaambiwa, dhahabu ni dawa ya moyo. Karibu kila mmoja anasifiwa kuwa bora katika jambo lake. Chaucer hatoi hukumu. Anaweka vitu viwili au vitatu vya kweli karibu karibu, na hukumu inazaliwa katika kichwa cha anayesoma.

Kisha mambo yanachacha. Askari Muungwana anasimulia kwanza hadithi ndefu na ya heshima, iliyotokana na Boccaccio, kuhusu vijana wawili wa Thebes, Palamon na Arcite, wanaompenda binti mmoja waliyemwona kutoka dirisha la gereza. Harry Bailly anataka Mmonaki afuate, kama itifaki inavyodai, lakini Mwenye Kinu, aliyelewa hata hawezi kukaa sawasawa juu ya farasi, anang'ang'ania zamu. Anasimulia habari za seremala mzee wa Oxford mwenye mke kijana, na mwanafunzi mpangaji anayemshawishi seremala huyo kwamba gharika kama ya Nuhu inakuja, ili alale ndani ya pipa lililoning'inizwa darini huku yeye akilala na mkewe. Hadithi hiyo ni ya matusi, na ni fundi wa hali ya juu aliyeijenga: mwishoni mtu mmoja anapiga kelele akiomba maji kwa sababu ameunguzwa, seremala aliye darini anasikia neno "maji," anadhani gharika imefika, anakata kamba na kuanguka hadi sakafuni, akavunjika mkono. Nyuzi mbili ambazo msomaji alikuwa amezisahau zinakutana katika neno moja. Wote wanacheka isipokuwa Msimamizi wa shamba, ambaye ujanani alijifunza useremala na anaona kuwa amesemwa yeye; basi naye anajibu kwa hadithi ya mwenye kinu mwizi anayetapeliwa na wanafunzi wawili wa Cambridge. Anayesoma mashindano haya mawili mfululizo, pamoja na maneno ya hasira yaliyo katikati, atauelewa mpango wa kitabu kizima.

Nikiombwa kuchagua sehemu moja ya kumpa mtu asiye na nafasi ya kusoma zaidi, nitampa Muuza Misamaha. Huyu ni mtu anayezunguka na vyeti vya msamaha kutoka Roma na chupa zenye mifupa ya nguruwe, akidai kuwa ni masalia ya watakatifu. Kabla ya kusimulia, anawaeleza wenzake kwa fahari namna anavyowahadaa watu makanisani: daima huhubiri mada moja tu, kwamba kupenda fedha ni shina la maovu, ili wasikilizaji waogope na wamwage fedha zao mfukoni mwake. Anakiri kwamba hajali roho zao hata kidogo. Kisha anatoa mahubiri hayo hayo, na mahubiri ni mazuri kiasi cha kutisha.

Vijana watatu walevi wa Flanders wanasikia kengele ya jeneza. Wanaambiwa kuwa mwenzao ameuawa na mwizi aitwaye Mauti, na wanaapa kwenda kumtafuta Mauti wamuue. Njiani wanakutana na mzee aliyechoka kuishi, anayegonga ardhi kwa fimbo yake mchana na usiku akimwomba mama ardhi amfungulie aingie, lakini Mauti hamtaki. Wanamtukana, na yeye anawaelekeza: Mauti nimemwacha pale, chini ya mwaloni ule. Wanapofika hawakuti mtu. Wanakuta rundo la sarafu za dhahabu, na habari ya Mauti inawatoka kabisa akilini. Aliye mdogo anatumwa mjini kuleta mkate na mvinyo, na huku nyuma wawili wanapanga kumchoma kisu akirudi. Yeye naye ananunua sumu akidai ni ya panya, akaitia katika chupa mbili na kuiacha ya tatu safi kwa ajili yake. Yaliyopangwa yanatimia yote, na watatu wanalala chini ya mti walipoelekezwa.

Wasomaji wa pwani na wengine waliosoma vitabu vya dini watakuwa wameishtukia hadithi hii. Katika Ihya ya Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, kuna simulizi la Nabii Isa na mwenzake wa safari aliyekana kula mkate, ambalo linaishia kwa watu watatu na dhahabu: mmoja anatumwa chakula na kukitia sumu, wawili wanamuua anaporudi, kisha wanakila na kufa. Masimulizi ya namna hiyo yamo pia katika Jataka, mkusanyo wa hadithi za Wabudha wa India, za kale zaidi. Hadithi basi ilikuwa imetembea dunia nzima kabla ya kufika Southwark. Lakini hakuna mahali pengine nilipoiona imewekwa kinywani mwa mtu ambaye yeye mwenyewe ni mfano hai wa kile anachokilaani. Na Chaucer hakuishia hapo. Baada ya kumaliza, Muuza Misamaha anawageukia mahujaji hawa hawa aliowaeleza ulaghai wake wote, na kuwaita wapige magoti, wabusu masalia yake na kulipa, akianza na Harry Bailly. Bailly anamjibu kwa tusi la kuvunja mifupa. Msemaji hodari wa msafara anakosa la kusema, ananyamaza kwa hasira, na Askari Muungwana analazimika kuwapatanisha kwa busu. Nimesoma maelezo mengi ya kwa nini alijaribu kuwauzia: ulevi, mazoea, dharau, hata kiu iliyojificha ya kukamatwa. Maandishi yanaziruhusu sababu zote na hayathibitishi hata moja, na kwangu mimi hiyo ndiyo alama ya mwandishi anayewajua watu.

Bibi Alisoun wa Bath anastahili sifa yake. Ni mfumaji wa nguo, amefika Yerusalemu mara tatu, ameolewa mbele ya mlango wa kanisa mara tano, na utangulizi anaojitolea mwenyewe ni mrefu karibu mara mbili ya hadithi yake. Anaanza kwa kutangaza kwamba hata kama pasingekuwa na kitabu chochote chenye mamlaka duniani, uzoefu wake ungetosha kumpa haki ya kusema juu ya taabu za ndoa. Kisha anavichukua vitabu vyenyewe, Maandiko na mababa wa kanisa, na kuvitumia dhidi ya wanaume walioviandika. Mume wake wa tano, mwanafunzi wa zamani wa Oxford, alikuwa na kitabu cha wanawake waovu ambacho alimsomea kila usiku. Alipochoka alikichana kurasa, mume akampiga kichwani, na tangu siku hiyo sikio lake moja halisikii. Hadithi anayoisimulia, ya askari wa Mfalme Arthur aliyembaka msichana na kupewa mwaka mmoja na siku moja kutafuta ni kitu gani wanawake wanakitaka kuliko vyote, haina budi kusomwa huku sikio hilo likikumbukwa. Wapo wasomaji wanaomwona kuwa mtetezi wa wanawake, na wapo wanaomwona kuwa mfano wa lawama zote ambazo wanaume wa zama zile waliwatupia wanawake. Mimi naona kwamba Chaucer alianza na picha ya pili, iliyokuwa tayari vitabuni, kisha akampa mwanamke huyo akili na uchungu kiasi kwamba picha ikapasuka.

Anajibiwa, kama ilivyo desturi ya msafara huu. Mwanachuoni wa Oxford anasimulia habari za Griselda, mke mvumilivu ambaye mumewe anamnyang'anya watoto na kumfukuza ili kumjaribu, hadithi ambayo anasema aliipata kwa Petrarch. Na Mfanyabiashara, aliyeoa miezi miwili tu iliyopita na ambaye tayari anajuta, anafuata na hadithi chungu ya mzee kipofu anayesalitiwa juu ya mti. Hadithi ya Griselda inachosha ikisomwa peke yake. Ikisomwa kama jibu la msomi mpole kwa mwanamke aliyewadhihaki wasomi mbele ya watu wote, inapata moto.

Padri wa watawa naye ana hadithi ya jogoo Chauntecleer na mbweha, ambayo kila mtu aliyelelewa kwa hadithi za Sungura na Fisi ataipenda bila kuhitaji maelezo yangu: mbweha anamsifu jogoo mpaka anafumba macho awike, anamnyakua, na jogoo anajiokoa kwa kumshawishi mbweha afumbue kinywa awatukane wanaomfukuza.

Lazima nitoe onyo juu ya hadithi ya Mama Mkuu. Ni masimulizi ya mtoto Mkristo anayeuawa na Wayahudi katika mji fulani wa Asia, na yanabeba uzushi uliosababisha Wayahudi wengi kuuawa Ulaya. Uingereza ilikuwa imewafukuza Wayahudi wote mwaka 1290, miaka mingi kabla Chaucer hajazaliwa. Wapo wanaosema kwamba Chaucer anamfichua msimulizi, mwanamke anayelia akiona panya mtegoni lakini anasimulia mauaji ya Wayahudi kwa sauti tamu. Hoja hiyo ina uzito kwa sababu inakubaliana na mbinu ya kitabu kizima, ila haitoshi kulisafisha andiko, na mahujaji wanaoisikiliza wananyamaza kwa heshima, hawapingi. Maelezo ya toleo hili ni mafupi mno kwa jambo zito kama hili, na mwalimu atakayelitumia darasani anapaswa kuyaongezea yeye.

Sasa niseme juu ya tafsiri yenyewe. Chaucer aliandika Kiingereza wakati Kifaransa kilikuwa bado lugha ya watu wa juu na Kilatini lugha ya kanisa na elimu. Ni mwaka 1362 tu ambapo sheria iliagiza kesi za mahakamani ziendeshwe kwa Kiingereza. Kipimo alichokichagua kwa sehemu kubwa ya hekaya ni mstari wa mizani 10, unaokwenda miwili miwili kwa kina kimoja, na yeye ndiye anayehesabiwa kuwa aliuingiza mstari huo katika ushairi wa Kiingereza. Msomaji aliyezoea utenzi, wenye mizani nane, vina vitatu na bahari ya kufungia ubeti, ataona kwamba hapa hakuna beti za kupumzikia. Maneno yanatiririka na pumzi inaweza kuwa ndefu sana. Sentensi ya kwanza ya kitabu, inayoeleza jinsi mvua tamu za Aprili zinavyoupenya ukame wa Machi hadi mizizini, na ndege wanavyoimba, na watu wanavyotamani kwenda hija, ina mistari 18. Coghill ameulinda mwendo huo. Ameshika mizani, ameshika vina, na anajua kuchekesha kwa kina kinachoanguka mahali pake. Hadithi ya Mwenye Kinu mikononi mwake ina kasi inayostahili, na mahubiri ya Muuza Misamaha yanasisimua yakisomwa kwa sauti.

Mahali anaposhindwa ni pale pale ambapo Chaucer ana nguvu zaidi. Kiingereza cha Coghill ni cha mtu msomi wa katikati ya karne ya 20, chenye ucheshi wa kiungwana, na baada ya kurasa 200 mahujaji wanaanza kufanana sauti. Mwenye Kinu na Askari Muungwana wanatofautiana kwa mambo wanayosema kuliko kwa namna wanavyoyasema. Katika maandishi ya asili, Chaucer aliwapa wanafunzi wawili wa hadithi ya Msimamizi lafudhi na maneno ya watu wa kaskazini mwa Uingereza, jambo ambalo karibu hakuna aliyelifanya kabla yake katika lugha hiyo. Uchezaji wa namna hii hauwezi kufurahiwa sawasawa nje ya maandishi yenyewe. Vina navyo vinadai kodi yao, na mara kwa mara kuna neno lililowekwa kuujaza mstari tu. Zaidi ya hayo, hekaya mbili za nathari, ile ya Melibee na ile ya Padri wa parokia, zimetolewa kwa muhtasari tu. Wengi hawatazikosa kwa sababu ni ndefu na nzito, lakini mwanafunzi anayehitaji kitabu kamili asidanganyike.

Mwenye kutaka nathari kuanzia mwanzo hadi mwisho anaweza kutafuta masimulizi ya Peter Ackroyd ya mwaka 2009, ambayo yanasomeka kama riwaya ila yameacha ushairi nje. Mwenye kutaka maandishi ya Chaucer mwenyewe atafute toleo la Jill Mann la mwaka 2005, la Penguin hao hao, lenye fafanuzi za maneno chini ya kila ukurasa. Ni kubwa na zito, lakini linaheshimu uwezo wa msomaji. Asiye na fedha za kununua afungue tovuti ya Chuo Kikuu cha Harvard kuhusu Chaucer, ambako hekaya zimewekwa bure, mstari wa asili ukifuatiwa na maana yake katika Kiingereza cha leo. Ushauri wangu ni kununua Coghill kwanza na kuanza na Utangulizi Mkuu bila haraka, kisha Mwenye Kinu na Msimamizi kwa mfuatano, kisha Muuza Misamaha, kisha Bibi wa Bath pamoja na Mwanachuoni na Mfanyabiashara wanaomjibu, kila mara bila kuyaruka maneno yaliyo kati ya hadithi moja na nyingine. Askari Muungwana anaweza kusubiri mpaka msomaji awe ameuzoea mwendo, ingawa ndiye wa kwanza kitabuni. Baada ya hapo, achukue ukurasa wowote alioupenda na kuusoma upya katika maandishi ya asili kwa sauti, polepole, hata kama nusu ya maneno atalazimika kuyatafuta.